Ishara Nayo ni Usemi: Nasaha kwa Wazazi wa Watoto Viziwi Garissa

Wahenga walisema kwamba uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Msemo huu wajulikana katika kila mji wa pwani yetu, toka Vanga hadi Kiunga, wala hauhitaji kufafanuliwa. Lakini upo uchungu mmoja ambao hata jirani wa ukuta kwa ukuta hauoni upesi, kwa kuwa mtoto mwenyewe hana jeraha, hachechemei, macho yake maangavu na mwili wake una siha. Ni uchungu wa mzazi amwitaye mwanawe kwa jina, akamwita tena na tena, na mtoto asigeuke.

Makala haya nawaandikia wasomaji juu ya wazazi wa namna hiyo katika Garissa na sehemu nyingine za Kaskazini Mashariki ya Kenya, ambazo tangu mwaka 2013 zimekuwa kaunti tatu: Garissa, Wajir na Mandera. Nimechagua huko kwa sababu mbili. Kwanza, watu wa huko wengi ni Waislamu wa madhehebu ya Shafi kama sisi, na mengi yanayowasumbua katika malezi yatusumbua na sisi. Pili, ni huko nilikoona wazi zaidi kwamba nasaha ya kumfaa mzazi wa mtoto kiziwi haianzi sikioni mwa mtoto. Yaanza kwenye lile jambo ambalo mzazi mwenyewe analiogopa moyoni.

WATU WA ULIMI NA SIKIO

Msomali ni mtu wa maneno. Mshairi kwao ana heshima ambayo kwa watu wengine hupewa tajiri au kiongozi. Lugha yao haikupata maandishi rasmi mpaka mwaka 1972, huko Somalia. Kabla ya hapo mapatano ya visima, fidia za damu, nasaba za koo na mashairi ya wakubwa wao, yote yaliwekwa vichwani, yakatoka ulimi wa mmoja na kuingia sikio la mwingine.

Mtoto wa Kisomali hufundishwa mapema kile kiitwacho abtirsi, yaani kutaja jina la baba yake, la babu yake, la baba wa babu yake, akapanda hivyo vizazi na vizazi. Akikutana na mtu asiyemjua huko malishoni, hayo majina ndiyo humwambia mwenzake yeye ni nani, ni wa jamaa gani na ana haki gani ya maji na ya ulinzi. Ni cheti cha kuzaliwa, ila hakikuandikwa.

Tazama na kazi ya uchungaji. Ngamia huvishwa shingoni kengele ya mti iitwayo koor. Usiku, au katika vichaka vizito, mchungaji humfuata mnyama kwa mlio wa kengele hiyo, na husikiliza kama kuna fisi au simba anyemeleaye. Sikio ni zana yake ya kazi kama fimbo aliyoishika mkononi.

Basi katika jamii kama hiyo, mzazi anapogundua kwamba mwanawe hasikii, swali linalomjia halihusu ukubwa wa sauti ambayo sikio laweza kuipokea. Ajiuliza: ni nani atakayemfundisha abtirsi? Atasomaje Fatiha? Atachunga vipi? Na akiwa binti, ni nani atakayemposa? Mshauri aliyekuja na karatasi za vipimo, akaanza kueleza mambo ya desibeli kabla ya kuyagusa maswali hayo, huwa anasema na watu ambao mioyo yao iko kwingine. Watamsikiliza kwa adabu, watamkirimu chai ya maziwa, kisha hawatarudi kwake tena.

MIAKA INAYOPOTEA

Uziwi wa mtoto hujificha. Mtoto kiziwi hulia, hucheka, na katika miezi yake ya mwanzo hutoa hata sauti za kitoto kama wenziwe. Mlango ukibamizwa atashtuka, kwa kuwa mtikisiko umemfika mwilini. Wazazi huona hivyo wakatulia. Afikapo miaka miwili bila neno, huambiwa kwamba ami yake naye alichelewa kusema. Afikapo miaka mitatu hupelekwa kwa sheikh akasomewe. Afikapo minne hupelekwa kwa mganga, kwa kuwa mtu amesema ni jicho baya au ni shetani. Afikapo mitano au sita ndipo hufika hospitali, na huko nako wazazi huambiwa waende mji mwingine wenye chombo cha kupimia. Kutoka Garissa hadi Nairobi ni yapata kilomita 370, na atokaye Mandera njia yake ni ndefu kupita hiyo mara kadhaa.

Sisemi hivi kuwacheka wazazi hao. Kila hatua waliyopiga waliipiga kwa mapenzi. Lakini tuelewe kinachopotea njiani. Wataalamu wa watoto wamethibitisha kwamba miaka ya mwanzo ya umri ndiyo miaka ambayo ubongo hupokea lugha kwa wepesi, iwe lugha ya mdomo au ya mikono. Ndiyo maana wanapendekeza mtoto apimwe masikio kabla hajatimiza mwezi 1, uziwi uhakikishwe kabla ya miezi 3, na msaada uanze kabla ya miezi 6. Samaki mkunje angali mbichi. Mtoto aliyefika miaka saba bila lugha yoyote amekosa zaidi ya sauti. Hana njia ya kuuliza kwa nini, ya kusimulia aliyoota, wala ya kusema ni wapi panapomuuma.

Hapa ndipo penye jambo kubwa. Kutafuta dawa na kumpa mtoto lugha ni kazi mbili, na moja haiingoji nyingine. Mzazi aweza kuendelea kumwomba Mungu, kumwona daktari na kungoja kifaa cha kusikilizia, huku tangu leo akimsemesha mwanawe kwa mikono. Nasaha ambayo haikumfikisha mzazi hapo, hata ikiwa na hekima namna gani, haijamfaa mtoto.

BIBI ALIYEKUWA MWALIMU BILA KUJUA

Huko Garissa nilipata kuketi katika nyumba moja ya bulla, kama waitavyo mitaa yao, pamoja na mwalimu wa watoto viziwi, mwanamke wa Kisomali mzaliwa wa huko huko. Alikuwa amekuja kuwaona wazazi wa mvulana wa miaka kama sita. Walikuwapo baba, mama na bibi mzaa baba. Mazungumzo yalikuwa kwa Kisomali, na mwalimu akanifasiria kwa Kiswahili kila baada ya kitambo.

Nililoliona kwanza ni kwamba hakumgeukia mama. Alimsalimu bibi, akamwuliza habari za mifugo na za mvua, akanywa chai. Ni bibi aliyekuja kulifungua jambo lenyewe.

"Mwalimu," akasema, "huyu mjukuu wangu ni bubu. Mungu amekwisha kuandika. Wewe wataka kubadili nini?"

Mwalimu hakubishana naye. Alimwuliza, "Ayeeyo, ukitaka akuletee kibuyu cha maziwa, naye yuko pale mbali, wamwitaje?"

Bibi akapunga mkono mpaka mtoto akamtazama. Kisha akafumba viganja vyake viwili, akavishusha kimoja baada ya kingine kama mtu akamaye. Mtoto akaondoka, akarudi na kibuyu.

"Basi," mwalimu akasema, "mimi sikuja kubadili kitu. Wewe umekwisha kuanza kumfundisha. Mimi nimekuja kukuongezea maneno."

Bibi alicheka, na nyumba nzima ikacheka. Mama, ambaye muda wote alikuwa ameinamisha uso, aliinua macho. Baada ya hapo maswali yalikuja yenyewe. Baba aliuliza kama mtoto aweza kusoma. Mwalimu akamwonyesha herufi za vidole, zinavyounda jina la mtoto, kisha jina lake yeye baba. Baba akataka aonyeshwe jina la baba yake, kisha la babu yake. Alikuwa akifuata kwa vidole vyake mwenyewe, vizito, vya mtu aliyezoea kamba na fimbo. Alipofika jina la nne nilifahamu anachokifanya, na nadhani mkewe alifahamu kabla yangu. Alikuwa anapanda abtirsi.

Mtoto alikuwa bado hajui herufi. Alikuwa akivitazama tu vidole vya baba yake.

LAWAMA ZA MAMA

Mwalimu yule aliniambia baadaye kwamba jambo gumu kuliko yote katika kazi yake ni lawama. Mtoto akizaliwa na kasoro, watu hutafuta mwenye makosa, na macho humwangukia mama. Huambiwa alipita mahali pabaya usiku, au alimcheka mlemavu alipokuwa na mimba, au kwao kuna laana. Wapo wanaume waliooa mke wa pili kwa sababu hiyo, na wapo waliotoa talaka. Wala tusijidai kwamba hayo ni ya Garissa peke yake. Mombasa, Malindi na Lamu tumeyasikia.

Mshauri mwema hueleza sababu kwa lugha ya upole na isiyofichaficha. Mtoto aweza kuwa kiziwi kwa homa ya uti wa mgongo, kwa surua, kwa matubwitubwi, au kwa mama kuugua rubela akiwa na mimba. Aweza kuwa kiziwi kwa umanjano mkali baada ya kuzaliwa, au kwa kukosa hewa wakati wa uzazi mgumu. Usaha wa masikio usiotibiwa hupunguza usikivu kidogo kidogo. Zipo na dawa ambazo huokoa uhai lakini zaweza kudhuru masikio, kama sindano za jentamaisini na zile za streptomaisini zilizotumika miaka mingi kutibu kifua kikuu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika kila watoto 100 wenye upungufu wa kusikia, 60 walipatwa na sababu ambayo ingaliweza kuzuiwa kwa chanjo, kwa uzazi salama na kwa matibabu ya mapema. Humo hamna jini wala laana.

Lipo na la urithi, nalo lataka ulimi laini zaidi. Kwetu pwani mtoto wa ami kumwoa binti wa ami ni jambo la kawaida na la heshima, na sheria ya dini imelihalalisha. Zipo familia za Kisomali nazo zenye ndoa za jamaa. Aina nyingi za uziwi wa kuzaliwa hutokea pale baba na mama, wote wawili, wanapobeba chembe moja ya urithi iliyofichika. Wao wenyewe husikia vizuri. Lakini kila mimba yao huwa na nafasi moja kati ya nne ya kutoa mtoto kiziwi, na watu wa damu moja huwa rahisi zaidi kubeba chembe ile ile.

Mshauri asiyejua adabu ya watu hulisema jambo hili kama mashtaka, akaitukana ndoa ya wazazi na ya wazee waliowaozesha. Mwenye kujua husema hivi: chembe hiyo imetoka kwa baba na imetoka kwa mama, sawa kwa sawa, wala hakuna aliyejua. Maneno hayo machache huuondoa mzigo kichwani mwa mama na kuuweka kati ya watu wawili. Baada ya hapo, wakitaka ushauri juu ya uzazi ujao au juu ya posa za watoto wengine, watauliza wenyewe.

DINI YASEMAJE

Wazazi wengi wa Kiislamu huona kwamba kuhangaikia uziwi ni kushindana na kudura. Kwa hao mshauri aweza kuikumbusha hadithi mashuhuri ya bedui aliyemwuliza Mtume, rehema na amani zimshukie, kama amwache ngamia wake bila kumfunga na kumtegemea Mungu. Aliambiwa amfunge kwanza, kisha ategemee. Kwa mfuga ngamia wa Garissa hadithi hiyo haihitaji tafsiri.

Wengine huchelea kwamba lugha ya ishara ni mchezo, si usemi wa mtu mzima. Hapa nataka kuwaomba wasomaji waifungue misahafu yao. Katika Surat Al-Imran na Surat Maryam tunasimuliwa habari za Nabii Zakaria, ambaye alama aliyopewa ya kubashiriwa mwana ilikuwa asiweze kusema na watu siku tatu ila kwa ishara. Alitoka kwa watu wake akawaashiria wamsabihi Mola wao asubuhi na jioni, nao wakafahamu. Katika Surat Maryam hiyo hiyo, Bibi Maryam alipokabiliwa na watu wake juu ya mtoto aliyembeba, hakutamka neno. Alimwashiria mtoto. Wateule wawili wa Mungu, katika saa nzito za maisha yao, walizungumza kwa mikono.

Wanazuoni nao hawakuliacha jambo hili. Katika Minhaji ya Imamu Nawawi, kitabu kinachosomeshwa pwani kwetu na katika nchi za Wasomali, mlango wa biashara wafundisha kwamba mtu asiyeweza kutamka akifunga mapatano kwa ishara, ishara yake yashika mahali pa maneno. Vivyo hivyo wanazuoni wakazungumzia ndoa na talaka zake. Kiziwi huuza, hununua na huoa. Tena tukitazama historia, katika kasri ya masultani wa Kituruki mjini Istanbul, karne ya 16 na ya 17, walikuwapo watumishi viziwi, na lugha yao ya mikono ikawa lugha ya heshima iliyotumiwa na wakubwa wa kasri wasiopenda kupaza sauti mbele ya sultani.

Kwa hiyo mzazi aulizapo kama mwanawe ataijua dini yake, jibu ni kwamba ataijua kadiri atakavyopata lugha ya kufundishwa. Mtoto wa duksi, ambayo ndiyo kama chuo kwetu, husoma juu ya ubao. Ubao huonekana kwa macho. Wudhu hufundishwa kwa kuonyesha, na rakaa za sala huigwa kwa kutazama. Ila maana ya hayo yote, yaani kwa nini tunaswali na Mungu ni nani, haionekani kwa macho. Maana yataka lugha, na kumnyima mtoto lugha ya ishara kwa kuihofia dini ni kumfungia mlango ule ule tunaotaka apite.

WAJIR ILIYOTANGULIA

Asidhani mtu kwamba mambo haya ni mapya huko Kaskazini Mashariki. Wajir ina habari yake inayofaa kukumbukwa.

Mwaka 1969 alikuja Kenya mwanamke wa Kiitalia, Annalena Tonelli, aliyezaliwa Forlì mwaka 1943. Muda si mwingi akahamia Wajir, akaishi miaka mingi kati ya Wasomali akiwatibu wagonjwa wa kifua kikuu. Yeye alikuwa Mkristo wa Kikatoliki, na watu aliowahudumia walikuwa Waislamu, lakini hakuja kuwabadili dini. Alichokibadili ni namna ya kutibu. Mhamaji hawezi kulala hospitalini mwaka mzima, mifugo yake ikipotea. Kwa hiyo tangu mwaka 1976 likaendeshwa Wajir jaribio la matibabu ya miezi 6, na wagonjwa wakajenga vibanda vyao wenyewe, vya desturi yao, karibu na mahali pa dawa. Ikawa manyatta ya wagonjwa. Dawa ilikwenda kukaa ndani ya maisha ya watu, na watu wakaimaliza.

Humo Wajir ndimo ilimoanzishwa pia kazi ya kuwasomesha watoto viziwi wa Kisomali. Baada ya mauaji ya Wagalla ya Februari 1984, ambayo aliyashuhudia na kuyapigia kelele, ilimpasa Annalena kuondoka Kenya. Aliendelea na kazi yake Somalia, na mwishowe Borama, kaskazini magharibi. Huko ikafunguliwa mwaka 1997 shule ya watoto viziwi, na lugha ya ishara iliyofundishwa ilipelekwa na Msomali kiziwi aliyesoma Wajir. Ndiyo sababu lugha ya ishara ya Wasomali inafanana na ile ya Kenya. Annalena alipewa tuzo ya Nansen ya Umoja wa Mataifa ya kuwahudumia wakimbizi mwaka 2003, na tarehe 5 Oktoba mwaka huo huo akapigwa risasi na kuuawa Borama.

Natoa habari hii kwa mafunzo mawili. La kwanza ni lile la manyatta: huduma ikiukubali mwenendo wa watu, watu nao huikubali huduma. La pili ni kwamba mtoto kiziwi wa Wajir, ambaye huenda jirani zake walimwona mzigo, alikuwa mwalimu aliyevuka mpaka na kuipelekea nchi nyingine lugha.

MSHAURI AFANYE NINI

Kenya haianzi na mikono mitupu. Chama cha kusaidia watoto viziwi kiliundwa mwaka 1958, na shule za kwanza za viziwi zilifunguliwa Nyanza na Magharibi mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mwaka 1984, kwa msaada wa Denmark, vilianzishwa vituo vya kuwapima watoto wenye ulemavu na kuwaelekeza shuleni, na mwaka 1986 ikafuata Taasisi ya Elimu Maalumu huko Nairobi. Katiba ya mwaka 2010 imeitaja Lugha ya Ishara ya Kenya kuwa moja ya lugha rasmi za Bunge, pamoja na Kiswahili na Kiingereza. Kilichobaki ni kuyafikisha hayo kwenye mlango wa mzazi, kwa adabu ya mzazi.

Kwa niliyoyaona na kuyasikia, adabu yenyewe ni hii. Mshauri aseme lugha ya nyumba ile, au aje na mkalimani mtu mzima mwenye kuaminika. Dada wa mtoto mwenye miaka kumi asifanywe mkalimani wa siri za wazazi wake. Aongee na wenye kauli nyumbani, bibi na ami na mwalimu wa duksi, kwa kuwa mama pekee hawezi kuubeba uamuzi. Asiyadharau maji ya kombe wala dua, ila akataze kwa nguvu kumtia mtoto mafuta ya moto au dawa za miti sikioni.

Apatikane mshauri mwanamke kwa ajili ya wanawake. Binti anayepimwa kifaa cha kusikilizia atafunuliwa kichwa chake, na jambo hilo lataka faragha. Wazazi wanaoogopa kumpeleka binti shule ya bweni mbali na nyumbani wasiitwe wajinga; waonyeshwe bweni, wajuane na matroni, waelezwe chakula na sala na likizo. Nimesikia pia watu wakiuliza kuhusu buibui na ninja. Lugha ya ishara yasemwa kwa mikono na kwa uso pamoja, lakini ndani ya nyumba mama na wanawe uso u wazi, na humo nyumbani ndimo lugha inamoanzia.

Kifaa cha kusikilizia nacho kielezwe kwa ukweli. Humsaidia mtoto aliyebakiwa na usikivu, wala hakimrudishii sikio jipya. Chataka betri, chaharibiwa na vumbi na jasho, na kile kipande cha kuingia sikioni hubadilishwa kila mtoto akuapo. Mfugaji anayehama akiyajua hayo mapema hujipanga. Asipoambiwa, kifaa huishia sandukuni na imani yake kwa washauri huisha nacho.

Na zaidi ya yote, mzazi akutanishwe na kiziwi mtu mzima aliye na kazi yake na nyumba yake. Kadiri ya watoto viziwi 9 katika 10 huzaliwa na wazazi wanaosikia. Wengi wa wazazi hao hawajapata kukaa na kiziwi hata mara moja, na hofu yao yote wameijenga juu ya mtu wasiyemjua. Kikombe kimoja cha chai na fundi cherehani kiziwi, au na mwalimu kiziwi, hufanya kazi ambayo hotuba kumi haziwezi.

NA KWETU PWANI

Ndugu msomaji, huenda wasema moyoni kwamba Garissa ni mbali. Si mbali. Basi litokalo Mombasa kupitia Malindi, Garsen na Hola lafika huko, na watoto wasiosikia wako katika mitaa yetu wenyewe. Tuna shule za viziwi Ziwani mjini Mombasa, Kibarani huko Kilifi, na Kwale. Bado wako watoto waliofichwa vyumba vya uani, waitwao "bubu" mpaka jina lao la akika limesahaulika.

Jina hilo tuliache. Mtoto kiziwi ana sauti, na akipata lugha ana maneno. Tumwite kwa jina alilopewa na wazazi wake.

Tena tuwe macho na watoto wachanga. Mtoto wa miezi sita ambaye hageukii sauti ya mama yake akiwa nyuma yake, au wa mwaka mmoja asiyejaribu hata neno moja, apelekwe kupimwa bila kungoja. Chanjo za surua na rubela zisikoswe. Sikio litoalo usaha litibiwe. Walimu wetu wa vyuo wajifunze ishara chache, na misikiti yetu imtafute mkalimani wa hotuba ya Ijumaa, kwa kuwa kiziwi huja msikitini, akaketi safu ya mbele, akamtazama khatibu midomo nusu saa nzima, akaondoka na njaa ile ile aliyokuja nayo.

Kumwonea huruma mtoto kiziwi ni rahisi, na kila mtu hufanya. Kujifunza ishara ishirini ili uweze kumwuliza ameshindaje na kulielewa jibu lake, hilo lachukua siku chache tu. Nawaomba wenye jirani wa namna hiyo waanze wiki hii.